Samaki wa Kale na Karatasi Iliyosomwa

Somo hili lilisomwa kwanza katika redio, na sasa limepigwa chapa, ili wewe uliyesikiliza darasani huko Machame, na mwenzako aliyekuwa shambani saa ile, mpate kulisoma wenyewe kwa nafasi yenu. Leo hatusomi habari za kahawa wala za ng'ombe wa maziwa. Tunasoma historia ya elimu ya bahari. Najua utauliza: Sisi tukaao chini ya Kibo, bahari ya nini? Subiri kidogo. Swali lako lina jibu, nalo limo katika mto Kikafu.

Tuanze na neno makumbusho. Jumba la makumbusho ni nyumba ambamo vitu hutunzwa ili watu wavitazame na kujifunza: zana za wazee, mifupa, mawe, ndege waliokaushwa, samaki waliotiwa dawa wasioze. Watu wengi hudhani kwamba hiyo ni nyumba ya kutazama tu, unalipa kiingilio, unazunguka, unatoka. Katika habari hii utaliona jumba la makumbusho likifanya kazi ya shule, na serikali ikiwa mara mshirika, mara mtazamaji. Na utaona kwamba kazi yao yote isingefika mahali kama wavuvi na mwalimu mmoja wa shule wasingalikuwapo.

Mji wa East London uko pwani ya Afrika ya Kusini. Mwaka 1931 jumba dogo la makumbusho la mji ule lilimwajiri mtunzaji, binti wa miaka 24, jina lake Marjorie Courtenay-Latimer. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alipenda ndege, maua na viumbe vya bahari tangu utoto, akajifundisha mwenyewe. Tena alikuwa na busara moja ambayo wakubwa wengi hawana: alifanya urafiki na mabaharia wa meli za uvuvi. Aliwaomba kwamba wakipata samaki wasiyemfahamu wasimtupe, bali wapeleke habari kwake.

Tarehe 22 Desemba, 1938, habari ikaja. Meli ya uvuvi iitwayo Nerine, ya Kapteni Hendrik Goosen, ilikuwa imeingia bandarini na samaki waliovuliwa karibu na mdomo wa mto Chalumna. Bibi Latimer alikwenda. Palikuwa na lundo la samaki, na ndani ya lundo aliona pezi la rangi ya buluu. Akafukua. Akamkuta samaki ambaye hajapata kumwona wala kumsoma: urefu wake kiasi cha mita moja na nusu, uzito kilo 57 na nusu, magamba magumu, mwili wa buluu wenye madoa meupe. Lakini kilichomshangaza zaidi ni mapezi. Hayakuota juu ya mwili kama mapezi ya perege au ya papa. Yaliota juu ya vikonyo vya nyama vyenye mifupa ndani yake, kama mikono mifupi.

Sasa fikiri shida yake. Ni mwezi wa Desemba, ambao kule kusini ni wakati wa joto. Dereva wa teksi anakataa kupakia samaki anayenuka, inabidi abembelezwe. Bibi Latimer anafika kwenye jumba lake, na mwenyekiti wa halmashauri ya makumbusho anamtazama samaki na kusema kwamba ni chewa tu. Anakwenda kwenye chumba cha kuhifadhia maiti, wanakataa. Anakwenda kwenye ghala la barafu, wanakataa. Mwisho anamfunga samaki kwa magazeti na shuka zilizoloweshwa dawa kidogo iliyopatikana. Siku chache baadaye samaki alianza kuoza, ikabidi achunwe ngozi na kukaushwa. Matumbo yakatupwa.

Hata hivyo alikuwa amefanya jambo moja ambalo ndilo lililookoa habari yote. Tarehe 23 Desemba alichora picha ya samaki yule kwa kalamu, akaandika barua, akaipeleka kwa Bwana J. L. B. Smith, mwalimu wa kemia katika chuo cha Grahamstown, ambaye wakati wake wa mapumziko alichunguza samaki. Bwana Smith alikuwa likizo mbali, pwani ya Knysna. Barua ikamfikia tarehe 3 Januari, 1939. Siku 11 zilikuwa zimepita! Akapeleka simu ya haraka: Hifadhi mifupa na mashavu ya ndani. Hayakuwapo tena.

Mnamo Februari Bwana Smith alifika East London, akamwona samaki kwa macho yake, naye akahakikisha. Alikuwa silikanti.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana jina hilo peke yake halikuambii kitu. Wataalamu walikuwa wakimjua silikanti kwa muda wa miaka mia moja hivi, lakini katika mawe tu. Yaani walikuta umbo lake limeganda ndani ya miamba ya kale, kama vile jani likianguka katika tope na tope lile likakauka na kuwa jiwe. Katika miamba ya zamani sana, ya miaka karibu milioni 400, jamii ya samaki hao imo. Katika miamba ya tangu miaka milioni 66 iliyopita kuja kwetu, hawakumwona hata mmoja. Basi walisema kwamba ukoo wake ulikwisha wakati ule ule walipokwisha wale wanyama wakubwa mno kama wale ambao mifupa yao ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ikapelekwa katika jumba la makumbusho la Berlin, na ipo huko hata leo.

Miaka milioni ni hesabu isiyoingia kichwani upesi. Jaribu hivi. Toka nje utazame mlima. Shira, upande ule wa magharibi juu ya mashamba yenu, ndiyo sehemu kongwe ya Kilimanjaro, nayo ilianza kutoka ardhini kwa moto miaka milioni 2 na nusu hivi iliyopita. Kibo ni kijana kuliko Shira. Wakati ambapo hapa palikuwa tambarare, hapana mlima, hapana theluji, ukoo wa silikanti ulikuwa umekwisha kukaa baharini miaka milioni mia nyingi. Na watu wenye elimu walikuwa wamekwisha kuuandikia hati ya kifo.

Samaki yule alipewa jina la kitaalamu Latimeria chalumnae, kwa heshima ya binti yule na mto ule. Ngozi yake iliyokaushwa imo katika jumba la East London mpaka leo.

Lakini Bwana Smith hakutosheka. Alitaka samaki mzima, mwenye moyo na matumbo na ubongo, apate kujua viumbe vilivyotoka baharini na kupanda nchi kavu zamani za kale vilikuwa na maumbile gani. Vita Kuu ya Pili ikaingia kati. Baada ya vita alipigisha chapa karatasi, na ndiyo karatasi ninayotaka uikumbuke katika somo hili. Ilikuwa na picha ya silikanti. Ilieleza kwamba samaki huyu ana thamani, kwamba mtu akimpata asimkate wala kumsafisha, bali ampeleke mzima mahali pa barafu au kwa mtu mwenye dhamana, naye atapata zawadi ya pauni 100. Kwa mvuvi wa siku zile pauni 100 zilikuwa mali nyingi. Karatasi hiyo ilisambazwa pwani ya mashariki ya Afrika, na maofisa wa serikali za kikoloni walisaidia kuitawanya.

Iliandikwa kwa lugha tatu: Kiingereza, Kireno na Kifaransa. Kiswahili hakikuwamo. Nakuambia hivyo kwa sababu pwani ile, kuanzia Lamu mpaka kusini ya Kilwa na hata kuingia Msumbiji, Kiswahili ndicho kilichokuwa kikisemwa ufukweni. Waliotafuta samaki waliandika kwa lugha za ofisini, wakategemea picha iseme na wavuvi. Bahati yao picha ilikuwa nzuri.

Mwaka 1952 Bwana Smith na mkewe, Bibi Margaret, walikuwa wakichunguza samaki Kenya, Unguja na Pemba. Unguja walikutana na Kapteni Eric Hunt, Mwingereza mwenye jahazi lililofanya biashara kati ya Unguja na visiwa vya Ngazija. Hunt alichukua bunda la karatasi zile akaenda nazo kwenye visiwa hivyo, ambavyo wakati ule vilitawaliwa na Wafaransa.

Usiku wa tarehe 20 Desemba mwaka ule ule, mvuvi wa kisiwa cha Nzwani, ambaye jina lake limeandikwa Ahamadi Abdallah, alimvua kwa mshipi samaki mkubwa mwenye magamba magumu. Kwake halikuwa jambo la kushangaza sana. Wavuvi wa visiwa vile walikuwa wakimjua samaki huyo tangu zamani, nao wana jina lake, gombessa. Walimpata mara moja moja, usiku, katika maji ya kina kirefu, nao hawakumpenda, maana nyama yake ni ya mafuta mengi na humwendesha mtu tumbo. Kesho yake akampeleka sokoni.

Pale sokoni palikuwa na mwalimu wa shule, Affane Mohamed. Yeye alikuwa ameisoma karatasi. Alipomwona samaki akaikumbuka picha, akakumbuka na maneno: usimkate. Akamweleza mvuvi. Ndipo samaki alipobebwa kwa miguu, kiasi cha kilomita 40, kupanda na kushuka milima ya Nzwani katika jua kali, mpaka bandari ya Mutsamudu alikokuwa Kapteni Hunt. Wewe unayejua njia za mlimani, za kupanda na mzigo kichwani kutoka bondeni, huhitaji kuelezwa kazi ile ilivyokuwa.

Hunt hakuwa na dawa ya kuhifadhi. Akamtia samaki chumvi, akatweka tanga mpaka Dzaoudzi, huko Mayotte, akapata dawa, akampelekea Smith simu ya maandishi. Simu ikamkuta Durban, meli yake ikiwa njiani kurudi nyumbani, tarehe 24 Desemba. Sikukuu ya Krismasi! Ofisi zimefungwa, na samaki yuko mbali katika nchi ya wenyewe. Smith akapiga simu huku na huku. Mwisho, usiku wa tarehe 26, akampata kwa simu Waziri Mkuu wa Afrika ya Kusini, Dk. D. F. Malan, aliyekuwa mapumzikoni. Waziri Mkuu alikuwa na kitabu cha Smith cha samaki wa bahari ile, kilichotoka mwaka 1949. Akatoa ndege ya jeshi. Tarehe 29 Desemba ndege ikatua katika kiwanja kidogo cha Pamanzi, Smith akafungua sanduku, akapiga magoti mbele ya samaki aliyemtafuta miaka 14, akalia.

Sitaki kuipamba habari hii kupita haki yake. Malan ndiye aliyekuwa mkuu wa serikali iliyoingia mwaka 1948 na kuweka sheria za kuwabagua watu weusi. Ndege ya serikali ile ilikuja visiwani ikachukua samaki ikaondoka. Mvuvi alilipwa pauni zake 100, na ni haki kulisema hilo. Lakini elimu yenyewe iliruka na ndege. Wafaransa nao walipoona walichopoteza, walikataza wageni kumtafuta samaki huyo katika visiwa vyao, wakatoa zawadi zao wenyewe, na silikanti waliofuata wakapelekwa kwa Profesa Jacques Millot na wenzake wa jumba la makumbusho la elimu ya viumbe la Paris. Wavuvi walikuwa wale wale, na samaki walikuwa wakienda kule kule, ng'ambo. Kapteni Hunt hakuishi kuona mengi; alipotea baharini mwaka 1956.

Kuna jambo dogo la kuchekesha pia. Samaki wa Nzwani alikuwa amepungukiwa na pezi moja la mgongoni. Smith akadhani ni aina nyingine, akaipa jina la Malan. Baadaye ikajulikana kwamba ni aina ile ile ya East London. Jina la Waziri Mkuu likafutwa, jina la Bibi Latimer likabaki.

Sasa tuje kwetu, na kwa swali lako la mwanzo.

Kikafu na Weruweru zinashuka kutoka msituni juu ya Machame. Sehemu ya maji mnaichepusha kwa mifereji, ile mifongo waliyoichimba babu zenu, inyweshe migomba na kahawa. Maji yanayobaki yanateremka mpaka mto Kikuletwa, nao Kikuletwa unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, mnakotoa perege wa sokoni. Kutoka bwawani mto unaitwa Pangani. Unapita nyika, unapita Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme huko Hale, na mwisho unaingia Bahari ya Hindi katika mji wa Pangani. Basi maji uliyoyaona leo asubuhi chini ya daraja la Kikafu yana safari hiyo. Na udongo uliochukuliwa na mvua katika shamba lisilo na makingamaji, nao unayo safari hiyo hiyo.

Kaskazini ya mdomo wa mto huo, kuelekea Tanga, ndiko walikoonekana silikanti wengi wa Tanzania.

Wa kwanza kuandikwa katika nchi yetu alivuliwa mwaka 2003 karibu na kisiwa cha Songo Mnara, Kilwa, pale pale penye magofu ya mji wa kale. Miaka miwili kabla, mwaka 2001, mmoja alikuwa amenaswa na meli ya uvuvi upande wa Malindi, Kenya. Lakini Tanga ndiko kulikowashangaza wataalamu. Kuanzia mwaka 2004 walinaswa mmoja baada ya mwingine, zaidi ya 20 katika miaka michache tu, karibu na vijiji kama Kigombe na Mwambani. Hakuna aliyewatafuta. Walinaswa katika jarife, nyavu zenye macho makubwa ambazo hutegwa usiku kwa kuvua papa.

Kwa nini wakati ule na si zamani? Wataalamu walieleza hivi. Samaki wa maji ya karibu walikuwa wamepungua, na matumbawe mengi ya Tanga yalikuwa yameharibiwa na watu waliovua kwa baruti. Mvuvi aliyekosa samaki karibu akateremsha jarife mbali zaidi na chini zaidi. Huko chini, mara nyingi kati ya mita 100 na 300, silikanti hulala mchana katika mapango ya mwamba na kutoka usiku kutafuta chakula. Akakutana na wavu. Akivutwa juu kwenye maji ya moto hufa, hata ukimrudisha. Tena hana faida kwa mvuvi, maana nyama yake haiuziki. Kwa hiyo pande zote mbili zilipata hasara: samaki alikufa bure, na wavu ulichanika bure.

Hapo serikali yetu ilikuwa na la kufanya, na safari hii haikuwa serikali ya mbali. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, iitwayo TAFIRI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, iliwapokea samaki walionaswa na kuwaandika: wapi, lini, urefu gani, uzito gani. Ikatafuta washirika. Mmoja wao alikuwa nyumba kubwa ya viumbe vya bahari iliyofunguliwa mwaka 2000 katika jimbo la Fukushima, Japani. Watu huiita Aquamarine Fukushima, lakini jina lake rasmi la Kijapani maana yake ni jumba la sayansi ya bahari la Fukushima. Ni makumbusho ya bahari hasa, ila humo wamo na samaki walio hai, wanaogelea nyuma ya vioo, na watoto wa shule huletwa kujifunza.

Mwaka 2007 Wajapani hao pamoja na TAFIRI walishusha katika bahari ya Tanga mashine ndogo yenye taa na kamera, inayoongozwa kwa waya kutoka juu melini. Wakawapiga picha silikanti wakiwa hai katika makao yao. Katika picha za namna hiyo mtu huona jambo ambalo samaki aliyekufa hawezi kulionyesha: silikanti huyapeleka mapezi yake ya vikonyo kwa zamu, la kulia la mbele pamoja na la kushoto la nyuma, kama punda anavyotembea. Lakini hatembei chini. Anaelea.

Kazi haikuishia katika picha. Mwaka 2011 ilichapishwa taarifa ya kitaalamu iliyotokana na samaki wa Tanga, wakiwamo miongoni mwa waandishi wake wataalamu wa TAFIRI kama Dk. Benjamin Ngatunga, wakuu wa jumba lile la Fukushima, na walimu wa chuo cha Tokyo. Walipima ile asili ya urithi iliyomo katika damu na nyama. Walikuta kwamba silikanti wa kaskazini ya Tanzania ni ukoo wa peke yake, uliotengana na wale wa Ngazija tangu miaka 200,000 hivi iliyopita. Maana yake hawakusukumwa na mkondo wa bahari wakapotea njia, kama wengine walivyodhani mwanzo. Ni wenyeji. Wakimalizwa Tanga, hakuna wengine wa kuja kuchukua mahali pao.

Linganisha na mwaka 1952, msomaji. Safari hii jina la Mtanzania limo juu ya karatasi yenyewe ya elimu. Mimi naona hiyo ni tofauti kubwa, kubwa kuliko mashine na kamera.

Lile jumba la Japani lilipatwa na msiba mwaka ule ule. Tarehe 11 Machi, 2011, tetemeko na wimbi kubwa la bahari viliipiga pwani ya Fukushima. Umeme ulikatika, pampu zikasimama, na viumbe wengi wa jumba lile wakafa. Lilifunguliwa tena mwezi wa Julai, miezi minne tu baadaye.

Huku kwetu serikali ilikuwa imekwisha kuchukua hatua nyingine. Chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994, ambayo ndiyo iliyozaa hifadhi ya Mafia mwaka 1995, ilitangazwa mwaka 2009 Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, Tanga. Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 552, kuanzia upande wa Pangani kwenda kaskazini mpaka kupita mji wa Tanga.

Usidhani kwamba kila mtu alipiga makofi. Hifadhi ni mstari katika ramani, lakini juu ya maji mstari huo hauonekani, na mvuvi ana watoto wa kulisha. Mtu aliyezoea kutega jarife mahali fulani tangu baba yake huambiwa asitege tena kwa ajili ya samaki ambaye hata haliwi. Wewe mkulima unajua maneno ya namna hiyo. Umepata kusikia mipaka ya msitu wa mlima ikijadiliwa, nani akate majani, nani asikate. Amri peke yake huzaa uadui. Ikiwa mvuvi wa Kigombe ameonyeshwa zile picha, akaona samaki yule akiwa hai, akaelezwa kwa lugha yake kwa nini anatunzwa, hapo pana mazungumzo. Kwa maoni yangu picha zile ni haki ya watoto wa Kigombe kwanza, kabla ya watoto wa Japani, kwa kuwa bahari ni ya kwao.

Tena kuna hesabu moja inayofaa kuelezwa mahali popote, baharini na mlimani. Ng'ombe wako hubeba mimba miezi tisa. Silikanti hatagi mayai majini. Huzaa watoto walio hai, na mmoja aliyenaswa Msumbiji mwaka 1991 alikutwa na watoto 26 tumboni. Mwaka 2021 wataalamu wa Ufaransa, kwa kuhesabu pete zilizomo katika magamba yake, kama mtu ahesabuvyo pete za mti uliokatwa, walikadiria kwamba samaki huyu huweza kuishi miaka 100 hivi, kwamba jike huchelewa kupevuka mpaka miaka 50 na kitu, na kwamba mimba yake huchukua karibu miaka mitano. Basi jike mmoja aliyekomaa akinaswa katika jarife, aliyepotea alizaliwa miaka 50 na kitu iliyopita, au zaidi, na mwingine wa kujaza nafasi yake atachukua umri wa mtu mzima.

Kazi ya darasa, kabla ya somo lijalo. Mwalimu atundike ramani ya Tanzania. Mmoja wenu aweke kidole Machame, afuate mto mpaka Pangani, huku mwingine akiyasoma kwa sauti majina ya mahali anapopita. Kisha kila mtu aandike katika daftari lake jina la mfereji au kijito kilicho karibu na nyumba yake, na jina la mto kinamoingia. Mwenye ndugu anayekaa Tanga au Pangani amwandikie barua, amwulize wavuvi wa huko wanamwitaje samaki huyu. Majibu yaleteni darasani.